Taa ya Buluu na Mikono ya Manjano

Watu wanaipenda ile taa kuliko wanavyonipenda mimi, na mimi ndiye ninayeibeba. Ni taa ya mkononi, nzito kama pasi ya makaa, na mwanga wake ni wa buluu mkali. Ukivaa miwani yake yenye vioo vya rangi ya machungwa unaanza kuona mambo ambayo jicho tupu haliyaoni: nyuzi za nguo, mate, jasho lililochanganyika na vumbi, alama za vidole vilivyogusa kitu chenye kung'aa. Ilikuja idarani kwetu ndani ya sanduku lenye sponji iliyokatwa umbo la taa yenyewe. Mkubwa wangu aliifungua mbele yetu sote, akatuamuru tunawe mikono kwanza.

Kazi yangu ni kupiga picha za ushahidi na kuchukua alama za vidole. Nimeifanya miaka kumi na saba. Nilipoingia nilikuwa mwanamke peke yangu, na kwetu Bondeni wakauliza nani atamwoa msichana mwenye vidole vya wino. Nikaolewa, tena kabla ya waliouliza. Nayasema haya ili ijulikane kwamba maneno ya watu sikuanza kuyasikia juzi, na kwamba hasira nitakayoieleza hapa si ya mtu mgeni na kazi yake.

Asubuhi ya siku hiyo simu haikupitia kituoni. Ilitoka Kizingo, kwa mtu mwenye cheo, ikaingia moja kwa moja kwa mkubwa wangu. Dada yake yule mtu, anayekaa Mji wa Kale, alikuwa akiozesha binti, na dhahabu ya bibi harusi ilikuwa imeibwa. Watu huibiwa Marikiti kila siku, mama muuza ndizi anakatwa kibindo mchana kweupe, na sijawahi kuona taa ile ikitolewa sandukuni kwa ajili yake. Siku hiyo ilitolewa kabla sijamaliza chai.

Gari haliingii katika vichochoro vile, kwa hiyo nilibeba sanduku, kamera na stendi yake kwa miguu, na mkubwa wangu akabeba miwani. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Ilikuwa wiki ya harusi. Vitunguu vilikuwa vikimenywa uani, na kutoka chumba cha ndani ikaja harufu niliyoijua kabla sijaona kitu: marashi, liwa, karafuu na manjano. Ilikuwa singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi hadi ngozi ilainike. Mimi mwenyewe nilisuguliwa siku saba, na shuka ya kitanda changu haijarudi kuwa nyeupe mpaka leo.

Mama wa bibi harusi alitupokea kwa adabu zote. Alinitazama, akaniuliza mimi wa nani, nikamwambia, akamjua bibi yangu. Tangu hapo nikawa "mwanangu". Akaeleza kwamba mawifi watarajiwa walikuja asubuhi ile kuiona dhahabu atakayovaa bibi harusi siku ya kupambwa, yaani siku anapokalishwa mbele ya wanawake wote wamtazame. Alipofungua almari mbele yao akakuta kijaluba kitupu. Mkufu, bangili nne na vipuli, vyote havipo. Alikuwa akilia kwa kujikaza, na mimi nilimwonea huruma. Hilo nalo nalikiri.

Nyuma yake, mlangoni mwa jiko, alisimama mfanyakazi wa nyumba. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetoka upande wa Kaloleni, aliyepanga chumba Bondeni, na kazi katika nyumba ile alikuwa ameifanya kwa miaka tisa. Hakuna aliyenijulisha kwake. Niliyajua baadaye, kwa kumwuliza.

Taa ile inataka giza. Tukafunga madirisha ya mbao, na mianya tukaiziba kwa leso, na chumba cha mchana kikawa cheusi. Mkubwa wangu alipaswa kuwatoa watu. Hakuwatoa. Aliwaacha wajazane mlangoni na ngazini, kwa sababu alitaka waone. Akawasha, akapitisha mwanga polepole juu ya mlango wa almari, na pale karibu na kitasa kikatokea kiganja kizima na vidole vinne, kinang'aa manjano mbichi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "La ilaha illallah," na wengine wakafuata.

"Taa haina shangazi wala mjomba," mkubwa wangu akasema. Aliipenda kauli hiyo, akairudia.

Nikaweka rula yangu ndogo kando ya alama, nikapiga picha. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Afande, haya ni manjano. Manjano hung'aa kwenye mwanga huu."

Hilo ndilo neno nililolisema, na laiti ningelimeza au ningelimaliza. Maana lililobaki moyoni lilikuwa ndilo kubwa: kwamba nyumba nzima ilikuwa ikisugua singo tangu alfajiri, na kwamba kila mwanamke aliyesimama mlangoni, akiwamo mama wa bibi harusi na bibi harusi mwenyewe, angemulikwa mikono kwa taa ile, nayo ingewaka vilevile. Sikulisema. Nilikuwa nimezoea kusema nusu na kumwachia mkubwa nusu yake.

Naye nusu yake akaichukua. "Vyema," akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Nani anayetwanga manjano katika nyumba hii?"

 Mama wa bibi harusi akajibu, "Ni yeye. Ndiye atwangaye."

Haukuwa uwongo. Mkono mmoja ukamsogeza yule mwanamke mbele, mkubwa wangu akamwambia anyooshe mikono, na taa ikamulika. Mikono iliwaka kuanzia ncha za vidole hadi juu ya kifundo. Hata katika mikunjo ya kucha iliwaka. Yeye mwenyewe aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. "Lakini ni kazi yangu," akasema. "Nilitwanga tangu jana." Hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Waliokula chakula cha mikono ile miaka tisa walikuwa wakirudi nyuma ili asiwaguse.

Kituoni nilipewa mimi nimchukue alama. Nilipaka kidole gumba chake wino, nikakiviringisha kwenye karatasi, likatoka doa. Nikapangusa, nikarudia kwa wino mchache zaidi. Doa. Tukaenda vidole vyote kumi na fomu ikajaa madoa kumi meusi, laini, bila mstari hata mmoja, kama mtu aliyechovya mbegu za ukwaju. Nilimgeuza kiganja nikatazama kwa lenzi. Ile mistari ya vidoleni ambayo Mungu amempa kila mja wake yake ilikuwa imesuguliwa ikaisha.

"Ni dawa ya madoa ya nguo, dada," akaniambia, kana kwamba ananiomba radhi kwa kuniharibia fomu. "Na masufuria. Na kukuna nazi. Hata siku ya kitambulisho walinisumbua."

Nikampelekea mkubwa wangu ile fomu. Aliitazama, akatabasamu. "Unaona? Amezikwangua makusudi. Huyu ni mzoefu."

Nimewahi kutukanwa na wezi, nimewahi kutapikiwa viatu katika nyumba ya maiti, na sikumbuki kuwahi kukasirika kama nilivyokasirika kwa neno lile. Mwanamke ameipoteza ngozi yake kwa kuwafulia watu mashuka, na anakuja mtu aliyevaa shati lililofuliwa na mwanamke mwingine wa namna ileile, anaitazama hasara hiyo na kuiita ujanja. Nilirudi kwenye meza yangu, nikafungua picha ya kile kiganja kwenye kompyuta, nikaikuza.

Mistari ilikuwa mizuri ajabu. Ilionekana yote, imejipinda na kujikunja, imekamilika, hakuna ilipokatika. Ilikuwa ya kidole ambacho hakijawahi kukwaruza ukoko wa sufuria. Na chini ya kidole cha pete, palikuwa na ukanda mwembamba uliobaki mtupu, mahali ambapo pete iliinua ngozi isiguse mbao. Yule niliyemwacha ndani ya kituo hakuwa na pete. Nilimshika vidole vyote kumi, ningeiona.

Kumbe kila kitu kilikuwa pale tangu saa tano asubuhi. Taa ilionyesha sawasawa. Sisi ndio tuliotazama mng'ao tusitazame mkono.

Nilimwonyesha mkubwa wangu. Alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu, na nilijua kwa pumzi yake kwamba ameelewa, kwa sababu kazi anaijua. Kisha akasema, "Tusiharakishe. Kesho kutwa ni kupambwa. Tusiwaharibie watu furaha yao."

Nikamwuliza, "Na huyu aliye ndani, afande?"

"Huyu yuko salama," akajibu.

Salama kwenye sakafu ya saruji. Usiku ule nilikula nikashiba na nikalala, na mpaka leo usingizi ule unaniudhi. Asubuhi nikachukua wino, kigurudumu na fomu tupu, nikaenda Mji wa Kale peke yangu bila kumwuliza mtu. Kuchukua alama za wakaaji wote wa nyumba ili kuwaondoa katika orodha ni jambo la kwanza tunalofundishwa. Jana yake hatukulifanya, kwa sababu wakaaji wale walikuwa na kaka Kizingo.

Mama wa bibi harusi alinikaribisha ukumbini, akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa sinia. Nilimwambia nimekuja kuchukua alama za kila mtu wa nyumba, nikaanza na yeye. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika birika. Pete ilikuwa palepale, nene, ya zamani. Aliiona njia ya macho yangu. Akaweka birika chini na kuniambia nimfuate.

Tukaingia stoo, kati ya magunia ya mchele wa harusi, akafunga mlango.

"Mwanangu, ntakwambia neno, na liishie papa hapa," akasema. "Ile dhahabu haikwibwa. Haikuwa yetu."

Nilikaa juu ya gunia. Wanawake wetu huazimana dhahabu, hilo si geni. Binti hupambwa kwa mkufu wa rafiki wa mamake, na mwaka unaofuata mkufu ule unapambia mwingine, na wote hujua na wote hujifanya hawajui. Alikuwa ameiazima kwa shoga yake. Asubuhi ile ya jana yule shoga alipata wageni wa posa wa ghafla, akatuma watu kuitaka, na mama huyu akaacha kumsugua bintiye, akafungua almari mikono ikiwa na singo, akaitoa dhahabu na kumpelekea mwenyewe. Aliporudi akawakuta mawifi sebuleni. Wamekuja kuona.

"Nikafungua almari mbele yao kama nisiyejua kitu," akasema. "Ningewambia nini? Kwamba mwanangu yuaenda kupambwa kwa vitu vya watu? Wangemsema mpaka wajukuu. Nikasema nimeibiwa. Nilidhani litakwisha hapo. Kakangu ndiye aliyepiga simu."

"Na yule dada uliyemtaja?" nikamwuliza.

"Mimi sikumtaja. Niliulizwa atwangaye ni nani." Akanishika mkono. "Yule atatoka tu, mwanangu. Yule hana jina la kuharibika."

Nalisema neno hilo kama lilivyosemwa, bila kuongeza. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, kama anayenieleza bei ya sukari, na ndiyo sababu lilinichoma. Mtu aliyemlea huyo bibi harusi, aliyemfunga nywele za shule, hana jina. Jina ni la wenye almari.

"Weye ni wa hapa," akaendelea. "Nistiri. Mungu humstiri amstiriye mwenziwe."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na kazi yangu ni uoshaji wa namna yake. Nimeziona aibu nyingi chini ya taa ile na nimezinyamazia zisizomhusu mtu. Lakini hii ilikuwa na mtu ndani yake, amelala sakafuni.

"Nikusitiri kwa nguo ya nani, bi mkubwa?" nikamwuliza. "Maana ile uliyojifunika umemvua mwenzio."

 Nilifungua wino juu ya gunia la mchele. Akautazama mkono wake, akaitazama ile fomu, kisha akatoka stoo kwenda kupiga simu.

Kabla ya adhuhuri mkubwa wangu aliniita. Dhahabu imeonekana, akasema. Familia ilisahau mahali ilipoiweka, si unajua shughuli za harusi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Nikamwambia nimeandika ripoti kwamba alama ya almari si ya mshukiwa, na kwamba mama wa bibi harusi amekiri aliifungua almari ile mikono ikiwa na singo. Aliichukua ripoti yangu, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akafunga. Hakunigombeza. Aliniambia niende nikapumzike, na kwamba picha yangu ni nzuri sana.

Nilimsubiri yule dada langoni. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye leso yake na viatu. Tulitembea kwenda Bondeni kwa miguu, na karibu na msikiti wa mtaani kwetu akaniuliza, "Wamesema mimi si mwizi?"

"Wamesema dhahabu imeonekana."

"Sikuuliza dhahabu," akasema.

Siku ya kupambwa lilikuja kwake sinia la biriani limefunikwa kawa, limeletwa na watoto wa nyumba ile hadi mlangoni pa chumba chake, majirani wakiona. Msamaha wenyewe ndio huo: wali na kuku. Aliwagawia majirani chakula chote, hakuonja. Sinia akaliosha likang'aa, akalirudisha tupu. Kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu utatia limau mbili au chumvi ya kiganjani. Alilirudisha tupu, na nyumba ile ikasema ama kweli mtu wa shamba hana adabu. Nilipoyasikia hayo kwa shangazi yangu niligombana naye mpaka tukakosa kuzungumza wiki mbili.

Picha yangu ikachapishwa kubwa. Ipo ukutani katika chumba tunachofundishia, kiganja cha manjano juu ya mbao nyeusi, na mkubwa wangu huwaonyesha wageni. Huwaambia mshukiwa alipatikana chini ya saa moja. Hilo nalo si uwongo. Nimemwomba mara tatu aitoe, na mara zote ameniuliza nini kibaya na picha.

Baada ya miezi saba nilikuwa nimekaa dirisha la cheti cha tabia njema, nikimshikia mwenzangu aliyekwenda likizo. Siku hizi hakuna wino pale. Kuna mashine yenye kioo, unaweka kidole, kinasomwa. Nikainua kichwa kumwita anayefuata, na alikuwa yeye. Alikuwa amevaa leso mpya. Shule moja ya Kizingo ilitaka mpishi, akanieleza, na mwenye shule amemkubali, amependa wali wake, kilichobaki ni cheti tu cha kuonyesha kwamba hana kosa kwa serikali. Bila cheti hawamchukui. Miezi saba yote ile alikuwa akifua kwa siku, nyumba hii leo, ile kesho, kwa sababu Mji wa Kale mzima ulikuwa umesikia habari za taa na haukusikia habari za stoo.

Akaweka kidole gumba kwenye kioo. Mashine ikalia, ikaandika kwamba alama haikusomeka. Tukajaribu cha shahada. Tukajaribu mkono wa kushoto. Nilimpangusa kwa kitambaa chenye maji, nikampaka mafuta kidogo, nikamwambia apulize pumzi ya moto kwenye ncha za vidole, kama tunavyofanya kwa wazee. Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Mashine ililia mara kumi na moja, nazikumbuka zote.

Mwenzangu wa dirisha la pili akamwambia kwa wema kabisa, "Mama, nenda ukapumzishe mikono wiki tatu, usiguse maji wala sabuni, halafu urudi."

Akamtazama. "Wiki tatu nisiguse maji, nile nini?"

Kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. Aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta, viganja juu, mikavu, myeupe kwenye ncha, haina manjano siku hiyo.

"Dada," akaniuliza, "siku ile alama zangu mliziona vipi?"